Matroni na Moto wa Makombo

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama! Vuteni viti, zimeni redio, na mtoto akilia mwacheni alie kidogo, kwa kuwa habari inayokuja ni kubwa na sitairudia. Sitasimulia wafalme, maana wafalme wana watu wao wa kuwasimulia. Nitasimulia ganda la ndizi, na ukoko wa wali, na majani ya chai yaliyokwisha kukamuliwa, jinsi vitu hivi duni, vilivyotupwa na kila mkono, vilivyoinuliwa vikawa moto, na birika likachemka, na ulimwengu mzima ukashuhudia, yaani ua mmoja wenye milango minne na bomba moja la maji. Anayetaka kucheka aanze sasa, maana mbele kuna mahali pa kulia.

Katika ua huo aliishi Matroni. Hakuwa matroni kwa cheo, la hasha. Karatasi za hospitali zilimwita msafishaji wa wodi. Lakini siku moja daktari mgeni alimkuta mlangoni, ameshika dekio wima, sakafu inameta nyuma yake, na yule daktari akajikuta anaomba ruhusa ya kuingia. Tangu hapo jina likamganda. Huyo ndiye Matroni Mwenye Ndoo Mbili, Mkomesha Madoa, Kiboko ya Mende, mwangamizi wa vijidudu vinavyoonekana na visivyoonekana, aliyesugua wodi saba kwa miaka thelathini na mmoja bila kuruka kona hata moja. Kwa chupa moja ya dawa aliteketeza mataifa kabla ya chai ya saa nne. Hata nyumbani vikombe vilimwogopa, na mumewe, Fundi Saa, mtu mpole aliyetengeneza saa za watu kwenye meza ndogo karibu na mlango, alinawa mikono kwanza ndipo akamsalimia mkewe.

Kisha ikafika siku ya kustaafu. Kazini wakampa keki, hotuba mbili na saa ya ukutani. Naam, saa, mke wa fundi saa! Siku ya tatu saa ikasimama. Fundi Saa akanyakua bisibisi kwa furaha, lakini Matroni akamshika mkono.

"Iache," akasema. "Nayo imestaafu."

Basi saa ikabaki ukutani ikionyesha saa tisa na robo, asubuhi saa tisa na robo, jioni saa tisa na robo, na kila Fundi Saa alipopita chini yake vidole vilimwasha.

Maana jambo lililomuuma shujaa wetu lilikuwa hili, na mlishike mpaka mwisho: kila mtu alimwambia apumzike. Akishika ufagio, jirani anamnyang'anya. Akiinua ndoo, mtu anakimbilia kumpokea. "Pumzika, mama, umefanya kazi ya kutosha." Alipumzika wiki moja, akapumzika ya pili, na ya tatu akaanza kusugua jiwe la kufulia kwa sabuni. Aliona uchungu kuamka alfajiri, nywele kachana, viatu kavaa, halafu hakuna kiumbe chochote duniani kinachomngoja. Hakumwambia mtu. Alikuwa akiiambia sufuria, akiisugua.

Ndipo alipokuja Fundi Bomba kubadilisha koki ya pale uani. Akaona ndoo ya makombo inapelekwa jalalani, akatikisa kichwa chake chenye kofia ya sufu, akanena.

"Mama, hapo unatupa moto. Usinitazame hivyo, nasema kweli. Chukua makombo yako, maganda, mabaki ya wali, changanya na maji kiasi hichohicho, mwaga kwenye tangi lililofungwa lisiingie hewa. Humo ndani kuna wadudu wadogo sana, hata kwa macho huwaoni, hewa hawaitaki kabisa. Wanakula, wanashiba, wanapiga mbweu. Na mbweu yao ndiyo bayogesi. Unaivuta kwa mpira mpaka jikoni, unapikia."

"Wadudu wadogo," Matroni akarudia, na jicho lake likawa jembamba. "Unasema vijidudu."

"Vijidudu, mama."

"Na nani anawalisha?"

"Wewe. Kila siku, saa ileile, kwa kipimo. Ukiwasahau, wanakufa."

Enyi wasikilizaji, maneno mawili hayo ya mwisho yalimwingia Matroni moja kwa moja moyoni. Ukiwasahau, wanakufa! Hatimaye kuna wanaomhitaji. Hata kama walikuwa ni maadui zake wa damu.

Likaja tangi. Lilikuwa jeusi, refu kufika kifuani, na lina bomba la kulishia ubavuni, na juu lina mpira mwembamba uliopanda hadi paa la bafu, mahali palipolazwa tyubu ya tairi la lori ya kuhifadhia gesi. Kutoka kwenye tyubu mpira ukashuka jikoni kwenye jiko la sahani moja. Muuza maziwa akatoa ndoo tatu za samadi mbichi kwa ajili ya mbegu, kwa kuwa vijidudu wa kazi hii huishi tumboni mwa ng'ombe, na vita vikaanza. Kila asubuhi Matroni alipeleka ndoo yake ya makombo, akamimina, akafunga, akainua macho kuitazama tyubu.

Siku ya kumi tyubu ilikuwa bapa. Siku ya ishirini ilikuwa bapa vilevile, na paka alikuwa amelala juu yake. Siku ya thelathini hakikutoka kitu ila Harufu. Lakini hiyo Harufu, jamani! Iliinuka, ikajinyoosha, ikatembelea nyumba kwa nyumba bila kubisha hodi.

Upande wa pili wa ua aliishi dada yake Fundi Saa, yaani wifi yake Matroni. Alikuwa mshonaji, Binti Cherehani, mwenye ulimi unaokata kuliko mkasi wake na vyungu kumi na vinane vya maua ambavyo tangu zamani vilikosa mahali penye jua. Mahali pekee penye jua uani palikuwa pale liliposimama tangi. Asubuhi ya siku ya thelathini alijitokeza mlangoni, futi imening'inia shingoni, mkono kiunoni, na milango mingine mitatu ikafunguka yenyewe.

"Wifi yangu mpenzi," akaanza, na waliomjua wakarudi nyuma hatua moja, "mimi nakuheshimu. Kaka yangu namheshimu. Hata hilo lidubwana lako nimeliheshimu mwezi mzima. Lakini jana mteja wangu kaja kupima gauni, kanusa mara moja, kaniuliza kama kuna mtu kafia chini ya cherehani! Kaniuliza kwa huruma, wifi! Kanishika bega! Sasa nisikilizeni wote. Jumamosi ya tatu kutoka leo, saa nne asubuhi, nitakuja jikoni kwako na kikombe changu. Ukinichemshia chai kwa hilo tangi, nitainywa na nitafunga mdomo. Usiponichemshia, tangi linaondoka, naweka maua yangu hapo. Na wewe upumzike, wifi. Umefanya kazi ya kutosha."

Mengine yote Matroni aliyapokea bila kutikisika. Lile la mwisho lilimchoma. Alikaza kilemba, akajibu kwa sauti iliyowahi kuamsha wagonjwa wodi nzima.

"Wifi! Kikombe chako kioshe vizuri kabla ya kuja nacho, maana hakiingii jikoni kwangu kikiwa na doa. Jumamosi ya tatu, saa nne. Utakunywa chai, tena ya moto, na ikikuunguza ulimi sitakuwa na la kujutia!"

Ua mzima ukapiga vigelegele. Matroni akaingia ndani, akafunga mlango, akakaa kitandani.

Kesho yake akaitwa Fundi Bomba, Mwenye Spana, Mzibaji wa Mianya. Akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo: hakuna kilichovuja. Akapima koki, akapuliza mpira. Kila kitu kilikuwa kizima. Akasimama akikuna kidevu, halafu bila kufikiri akaiinua ile ndoo ya makombo, akainusa.

"Mama. Mbona ndoo inanukia hospitali?"

"Inanukia usafi," Matroni akamsahihisha.

"Unaiosha kwa kitu gani?"

"Kwa dawa. Ileile ya wodini, kali."

"Na maji ya kuoshea unayamwaga wapi?"

"Humohumo tangini, yasipotee. Na kwenye makombo yenyewe natia kifuniko kimoja kila asubuhi. Fundi, unanitazama nini? Mimi niwawekee viumbe chakula kwenye ndoo chafu? Mimi?"

Fundi Bomba akavua kofia yake ya sufu. Hakuna aliyewahi kumwona bila hiyo kofia. "Mama," akasema taratibu, "hao unaowaua ndio wapishi."

Hapa ndipo pa kulia niliposema. Matroni aliipindua ndoo, akaikalia. Siku thelathini aliwaandalia meza kwa mkono wa kulia na kuwatilia sumu kwa mkono wa kushoto, na usiku alilala akijisifu jinsi anavyowatunza. "Wote?" akauliza. "Wote, mama." Akaanza kucheka, kicheko kikapinda katikati, kikawa kilio. Fundi Saa akaja mbio na leso. Matroni akaipokea, akaikagua kwanza kama ni safi, ndipo akafuta machozi.

Lakini hakuwa mtu wa kukaa juu ya ndoo muda mrefu. Akajifunga kibwebwe. Tangi likamwagwa lote kwenye shimo la maji machafu, na ikafuata kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya maishani: kusuuza tangi kwa maji matupu. Maji matupu, bila sabuni, bila dawa, bila hata chumvi! Mara ya kwanza alijikaza. Mara ya pili alifumba macho. Mara ya tatu Fundi Bomba ilibidi amshike kiwiko.

Kisha akaenda mwenyewe kwa muuza maziwa, mwisho wa mtaa, na kurudi na ndoo tatu za samadi mbichi, safari tatu, kifua mbele, na kila aliyetaka kumpokea mzigo alimwangalia mara moja tu akajikumbusha ana shughuli nyingine. Samadi ikaingia tangini, maji vuguvugu yakafuata. Kabla ya kufunga, aliinamia tundu la tangi akahutubia, na hotuba hiyo naileta hapa neno kwa neno, kwa kuwa Fundi Saa aliisikia yote kutoka mezani kwake.

"Enyi vijidudu! Mimi mnanijua, msijifanye hamnijui. Ndugu zenu nimewaua kuanzia wodi ya kwanza mpaka ya saba, na nyinyi mngenipata mngenimaliza, kwa hiyo tusidanganyane. Ile ilikuwa vita. Lakini mwezi uliopita nimewaalika wenzenu nyumbani kwangu nikawatilia sumu kwenye chakula. Hiyo siyo vita, hiyo ni aibu. Naomba radhi. Sasa tupatane. Humu ndani ni kwenu, jikoni ni kwangu. Nikimwona mmoja wenu jikoni, mapatano yamekwisha. Humu mtakula saa moja kamili kila asubuhi, niwe mzima, niwe mgonjwa. Mimi sijawahi kuchelewa kazini."

Akafunga kifuniko. Fundi Saa akaondoa lenzi jichoni.

"Wamejibu?"

"Wanafikiria," akasema Matroni.

Ikawa kila asubuhi anasimama jikoni na bakuli mkononi, akiita, "Mume wangu, saa ngapi?" Naye kutoka chini ya shuka anajibu, "Bado dakika nne." Siku moja alithubutu kuuliza kwa nini asiitazame ile ya ukutani ikiwa itatengenezwa. Kisha akajifunika tena haraka.

Kipimo kilikuwa bakuli moja, si zaidi, maana wakivimbiwa wanachacha. Majirani wakaanza kuleta maganda yao kwa hila ya kuchungulia, na Matroni akawapokea pale langoni akichambua moja moja. Mfupa ulirudi na mwenyewe. Plastiki ilirudi na mwenyewe na hotuba. Limau alikubali nusu.

Siku ya tisa ukingo mmoja wa tyubu ukanyanyuka, upana wa kidole. Paka akashuka, kaudhika. Matroni akapanda kigoda, akaigusa tyubu kwa kiganja kama anayempima mtoto homa, akabaki hapo juu mpaka maziwa yakafurika jikoni. Siku ya kumi na tatu ilivimba. Akawasha njiti, akafungua koki, na gesi ikaizima njiti, fyuu! Akawasha ya pili, fyuu! Dirisha la Wifi likacheka. Lakini Fundi Bomba alikuwa amemwonya kwamba ya kwanza haiwaki, ni pumzi ya kuamkia, aiachie iende. Akaiachia yote, tyubu ikalala tena bapa, na zilibaki siku nane. Mnadhani alilala usingizi siku hizo? Aliuguza moyo wake kimya kimya, na saa moja kamili akapeleka bakuli.

Ikapambazuka Jumamosi. Tyubu ilikuwa imetuna juu ya paa. Matroni akafagia, akapanga vikombe, akatoka kulisha, na hapo akaona kifuniko cha tangi kina uchafu, na nzi wawili, na mdomo wa bomba umeganda makombo ya jana. Na wageni wanakuja saa nne! Mkono wake wa kulia ukaondoka peke yake. Ukaenda kabatini, ukachukua chupa, ukafungua kizibo, ukarudi, na chupa ikasimama juu ya mdomo wa bomba la kulishia, imeinama. Miaka thelathini na mmoja ilikuwa kwenye mkono ule. Tone moja likaning'inia.

"Hapana," akasema Matroni. Mkono haukusikia. "Nimesema hapana! Nimewaahidi!"

Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akarudisha kizibo, akaipeleka chupa mezani kwa mumewe huku jasho linamtoka. "Ifiche. Nikikuomba usinipe, hata nikilia." Fundi Saa akaitia kwenye droo ya saa mbovu, akafunga kwa ufunguo, na ufunguo akautia kwenye soksi.

Saa nne ua wote ulikuwa jikoni, na walioshindwa kuingia walijaza dirisha. Wifi akaja wa mwisho, kikombe chake kinameta. Matroni akakikagua, akakipanga pamoja na vingine. Birika la vikombe vinne likatiwa maji. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikawaka, mtu akapiga chafya, ikazimika, na aliyepiga chafya akatolewa nje kwa kauli moja. Ya tatu ikasogezwa kwenye sahani ya jiko, koki ikafunguka, gesi ikalia shhh. Watu wakakodoa macho.

"Moto uko wapi?" Wifi akasema. "Mimi sioni moto. Jamani, nyinyi mnaona moto?"

"Weka mkono," akasema Matroni.

Wifi akaweka mkono. Yowe alilopiga lilimleta muuza maziwa kutoka mwisho wa mtaa. Naam! Moto ulikuwapo, wa buluu, mwembamba, usioonekana vizuri mchana, lakini moto kamili! Birika likawekwa. Fundi Saa akashika saa ya mteja, akatangaza dakika moja baada ya nyingine. Dakika ya sita birika likaanza kunong'ona. Ya tisa moto ukayumba, kwa kuwa tyubu ilikuwa inanywea. Fundi Bomba akaruka juu ya paa la bafu, akailazia ubao, akaukalia yeye mwenyewe. Ya kumi na mbili moto ukayumba tena. Matroni akatoka mbio mpaka kwenye tangi, akalipiga kofi dogo ubavuni. "Kidogo tu, wanangu. Kidogo tu!"

Wanangu, alisema. Mashahidi wapo.

Na dakika ya kumi na tano kifuniko cha birika kikacheza. Kikacheza tena. Maji yakachemka, mvuke ukajaa jikoni, na mara moto ukanywea, ukawa nukta, ukazimika, kazi imeisha. Kelele zilizofuata sizielezi. Fundi Bomba alianguka na ubao wake, akaumia kidogo, hakujali. Watu walikumbatiana ambao walikuwa hawasalimiani tangu mwaka jana.

Wifi akapewa kikombe cha kwanza. Akapuliza. Akanywa. Watu wakarefusha shingo.

"Sukari haitoshi," akasema.

Akainyoosha mikono yote miwili kuomba cha pili, na macho yake yalikuwa yamelowa, ingawa alidai ni mvuke. Akatoka, akarudi na bakuli. "Wifi, hawa wako, maganda ya viazi wanakula?"

"Wanakula. Kesho asubuhi, si sasa."

"Haya, umeshinda, nimekubali mbele za watu. Maua yangu yatakaa kwenye kivuli. Sasa basi, wifi yangu, pumzika."

Matroni akalitazama tangi, akatazama bakuli la maganda, akacheka mpaka akashika meza. "Nipumzike? Na midomo yote hii ya kulisha?" Kisha akamgeukia mumewe, mbele ya ua mzima, akasema maneno aliyoyangoja mtu yule kwa miezi mingi. "Mume wangu, itengeneze ile saa. Siwezi kukuuliza kila siku kama mtoto wa shule. Kesho nina kazi."

Bisibisi ilikuwa mfukoni tayari. Ilikuwa humo tangu siku ile. Basi andikeni, enyi mnaoandika habari za vita na viti vya enzi, na msipojua kuandika simulieni: kwamba Jumamosi hiyo, kwa mbweu za viumbe wasioonekana, birika la vikombe vinne lilichemka hadi mwisho, Matroni akiwa na miaka sitini na moja na ndoo mbili. Fundi Saa alirekebisha mishale ikaonyesha saa nne na dakika thelathini na nane, akapuliza vumbi, akaitundika. Saa ikaanza kwenda, na mpaka leo haijachelewa.